Glasi Iliyotokana na Wingi wa Machungwa

Mtu anayetaka kuanza kukamua juisi ya mboga na matunda nyumbani kwake, jambo la kwanza analoelezwa ni afya. Ataambiwa karoti ni ya macho, bitiruti huongeza damu, limau husafisha mwili, na kwamba yote haya ni hekima ya wazee iliyosahauliwa ikafufuliwa na mashine za kisasa. Habari hiyo inapendeza, lakini historia haiiungi mkono. Wazee walikamua, naam, tena kwa ustadi. Ila glasi nzima ya juisi mbichi, inayokamuliwa nyumbani kila asubuhi na kunywewa kama kinga ya maradhi, ni desturi changa yenye umri wa kama miaka mia moja tu. Tena walioieneza hawakuwa matabibu. Walikuwa wakulima wenye matunda mengi kuliko wanunuzi. Chombo cha kukamulia kilifuata nyuma ya shehena yao, na sababu ya kiafya ikaja baadaye, ikakaa mbele ya zote mpaka leo. Anayeujua mfuatano huo ataanza kukamua akiwa na akili tofauti: atajua nini katika glasi hiyo ni kweli, nini ni biashara, na juisi inafaa kwa kazi gani.

Tuitazame kwanza pwani yetu, kwa kuwa hapa matunda hayakuwa haba. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikuta Mombasa kuna ndizi na malimau, na huko Mogadishu aliandaliwa wali na kitoweo, pembeni yake ndimu, pilipili na maembe yaliyotiwa chumvi na siki, pamoja na tangawizi mbichi. Katika mlo ule tunaona jinsi watu wa pwani walivyokabili wingi wa matunda: waliyageuza achari. Juisi haikai. Kwa joto la huku, maji ya tunda yaliyokamuliwa asubuhi huanza kuchacha kabla ya siku kwisha, na zamani za kabla ya friji aliyekamua maembe hamsini kwa mpigo alikuwa amejiharibia maembe hamsini. Ndiyo maana maarifa makubwa ya kukamua yalielekezwa kwingine. Mbuzi na kifumbu ni mtambo kamili: kimoja hukuna nazi, kingine huiminya, tui likashuka na machicha yakabaki. Kanuni hiyo ya kusaga kwanza na kuminya baadaye ndiyo iliyokuja kuuzwa Marekani kwa bei kubwa ndani ya mashine za juisi, na jikoni kwetu ilikuwa ikifanywa kwa ukindu uliosukwa. Lakini tui liliingia chunguni, halikuingia glasini. Muwa nao watu waliutafuna. Na ulipokamuliwa kwa wingi, kama katika mashamba ya Pangani ya karne ya 19 yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, maji yake yalichemshwa yakawa sukari. Vinywaji vya matunda vilikuwepo, maji ya ukwaju, ndimu iliyokorogwa na sukari, sharubati ya wageni na ya kufuturia, ila vilikuwa vya heshima na vya msimu, na ndimu chache zilitosha jagi zima. Sioni dalili kwamba ilikuwa desturi ya mtu kunywa glasi ya tunda tupu kila kukicha kwa ajili ya afya yake.

Msomaji makini atanipinga hapa kwa hoja nzito: kiseyeye. Maji ya matunda ya jamii ya limau yaliponya mabaharia, tena ushahidi wa mwanzo wa jambo hilo umeandikwa katika pwani hii hii. Aprili 1498, meli za Mreno Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa zikiwa na wagonjwa, mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa na malimau mengi, na miwa. Januari 1499, wakirudi kutoka India baada ya miezi mitatu ya bahari ambayo iliua wengi wao, walifika Malindi, na jambo moja walilolitaka upesi kutoka nchi kavu lilikuwa machungwa. Mwandishi wa habari za safari ile anasema wagonjwa waliyatamani mno. Karibu miaka 250 baadaye, mwaka 1747, tabibu James Lind wa jeshi la majini la Uingereza alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku ndio waliopata nafuu ya haraka, hata mmoja wao akawa tayari kwa kazi baada ya siku 6. Mwaka 1795 jeshi hilo liliagiza mabaharia wapewe maji ya malimau kwa utaratibu. Je, hiyo siyo juisi kama dawa?

Ndiyo, lakini hebu tuiangalie kwa karibu. Wagonjwa wa Lind walikula matunda yenyewe, kama walivyokula wale wa Malindi. Juisi iliingia melini kwa sababu ya shida ya kuhifadhi: machungwa huoza safarini, na pipa la maji ya malimau lililotiwa pombe kali kidogo huvumilia zaidi. Ilikuwa badala ya tunda, na badala hafifu. Lind mwenyewe alipendekeza juisi hiyo ichemshwe ikauke mpaka iwe nzito ili ibebeke kwa urahisi, na kwa kufanya hivyo aliiondolea sehemu kubwa ya nguvu aliyokuwa ameigundua, kwani vitamini C haistahimili moto wa muda mrefu. Kipimo nacho kilikuwa kidogo: baharia wa Uingereza alipewa kwa siku robo tatu ya aunsi, yaani kijiko kimoja na nusu hivi cha mezani. Kwa hiyo kisa cha kiseyeye kinathibitisha mambo mawili ambayo anayeanza kukamua anapaswa kuyakumbuka: kwamba juisi inayokaa au kuchemshwa hupoteza kilicho bora ndani yake, na kwamba mwili unahitaji kidogo tu ili uokoke. Hakithibitishi glasi nzima, wala hakithibitishi kwamba maji ya tunda yana ubora kuliko tunda.

Kufikia katikati ya karne ya 19, bado nyumba ya kawaida ya Ulaya au Marekani haikuwa na juisi mezani. Zabibu zilizokamuliwa ziligeuka divai, tufaha zikageuka kileo cha tufaha, na hakuna aliyeona ajabu, maana chachu ilikuwa ndiyo mhifadhi. Mlango ulifunguliwa na dini. Mwaka 1869 Thomas Welch, daktari wa meno na Mmethodisti aliyepinga pombe, katika mji wa Vineland, New Jersey, alitumia maarifa mapya ya Louis Pasteur kuchemsha chupa za juisi ya zabibu zisichache, ili kanisa lipate kikombe cha Meza ya Bwana kisicho na kileo. Makanisa hayakukimbilia chupa zake. Mwanawe Charles ndiye aliyeifanya biashara kubwa baadaye, akainywesha umati katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Juisi ikawa kitu cha kununuliwa. Kukamua nyumbani, bado.

Kukamua nyumbani kulitoka California. Mwaka 1873 miche ya michungwa isiyo na mbegu, ambayo asili yake ni Bahia nchini Brazil, ilifika kwa Eliza Tibbets na mumewe huko Riverside, ikastawi kuliko walivyotarajia. Reli ikaunganisha mashamba hayo na miji ya mashariki, barafu ikapozesha mabehewa, na kila mwenye mtaji akapanda michungwa. Mchungwa hauzai kwa amri ya soko. Ukishapandwa huzaa kwa miongo, na miti yote iliyopandwa kwa pamoja huanza kuzaa kwa pamoja. Wakulima walijiunga katika ushirika wa kuuza mazao mwaka 1893, ambao tangu 1905 ulijulikana kama California Fruit Growers Exchange, na miaka michache baadaye wakaanza kuyauza machungwa yao kwa jina la Sunkist. Hata hivyo machungwa yalizidi kuongezeka kuliko midomo ya kuyala. Mtu hali machungwa matano kwa kikao. Akila moja ametosheka, na maganda yanamchosha. Ushirika ulimtegemea Albert Lasker wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas, na mwaka 1916 ikatoka kampeni iliyowaambia Wamarekani wayanywe machungwa. Uerevu wake ni wa hesabu tupu. Chungwa moja linalomtosha mlaji halijazi glasi. Glasi ya robo lita inataka machungwa matatu, wakati mwingine manne. Kwa kubadili kitenzi tu, kutoka kula hadi kunywa, mahitaji ya kila mtu mezani yaliongezeka mara tatu bila mtu yeyote kuhisi ameongeza chochote. Na kwa kuwa watu wengi hawakuwa na kitu cha kukamulia, ushirika wenyewe ukasambaza vikamulio vya kioo kwa bei ya senti 10. Hapa ndipo naona ushahidi ulio wazi kuliko wote: kikamulio kiliingia jikoni kwa mkono wa muuza machungwa, si kwa agizo la daktari.

Je, sayansi ya vitamini haikuwa ndiyo sababu halisi? Casimir Funk alitoa jina la vitamini mwaka 1912, miaka minne kabla ya kampeni ile, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba maarifa yalitangulia mauzo. Lakini kiini cha limau kilichoponya mabaharia kilikuwa bado hakijulikani. Albert Szent-Györgyi alikitenga mwaka 1928 bila kujua ni kitu gani, kikathibitishwa kuwa vitamini C mwaka 1932, na yeye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekunywa machungwa kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Na katikati, miaka ya 1920, matangazo ya machungwa yalibeba vitamini katika mkono mmoja na katika mkono wa pili hofu ya ugonjwa ulioelezwa kuwa ni asidi kuzidi mwilini kwa sababu ya chakula cha kawaida, ambao ulidaiwa kuondolewa na glasi ya juisi. Habari ya vitamini ilikuwa kweli. Habari ya asidi ilikuwa uzushi, kwa kuwa mtu mwenye figo na mapafu mazima hudhibiti asidi ya damu yake bila msaada wa chungwa. Zote mbili zilichapwa kwa wino mmoja, na msomaji hakuwa na njia ya kuzitenganisha. Mchanganyiko huo wa kweli na uzushi haujaachana na juisi hadi leo.

Juisi ya mboga ina nasaba nyingine, na wapinzani wangu wataisema: Norman Walker hakuwa na shamba la kuuza. Mwingereza huyu aliyehamia Marekani alichapisha mwaka 1936 kitabu kuhusu juisi za mboga mbichi ambacho kinasomwa mpaka sasa, akiorodhesha juisi ya kila ugonjwa, karoti ikiwa malkia. Ni kweli hakuuza karoti. Aliuza mashine, ile ya kusaga na kuminya niliyoitaja, iliyopewa jina linalotokana na lake. Nampa haki yake: mashine ilikuwa nzuri, na kumshawishi Mmarekani wa zama za nyama na viazi anywe mboga si jambo dogo. Lakini nguvu ya hoja zake ilitegemea maisha yake mwenyewe, na wafuasi wake waliyarefusha hata wakadai aliishi zaidi ya miaka 110. Alizaliwa mwaka 1886 akafa mwaka 1985. Miaka 99 ni baraka kubwa isiyohitaji kuongezewa chumvi.

Linaloumiza zaidi ni la Max Gerson, daktari Mjerumani aliyehamia New York mwaka 1936. Yeye aliwapa wagonjwa wa saratani juisi glasi baada ya glasi, saa baada ya saa, kutwa nzima, badala ya tiba nyingine. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipitia kumbukumbu za wagonjwa wake mwaka 1947 na tena mwaka 1959, haikuona ushahidi kwamba waliponywa. Hata hivyo mafundisho yake yamesafiri, na kila anayepata simu yenye intaneti Afrika Mashariki ameshaletewa ujumbe kwamba juisi fulani humaliza saratani. Mtu aliyeacha dawa kwa ajili ya ujumbe huo hupoteza miezi ambayo hairudi. Ndiyo maana siwezi kuihesabu historia hii kama porojo ya wafanyabiashara wa mbali.

Kuna kingine kilichosukuma mashine za juisi. Mwaka 1948 watafiti wa Florida walipata hataza ya kugandisha juisi ya machungwa iliyopunguzwa maji, na katika miaka michache mama wa nyumbani wa Marekani akaacha kukamua, akawa anafungua kopo na kuongeza maji. Chungwa likatoka mikononi mwa nyumba likaenda kiwandani. Waliobaki kukamua nyumbani walikuwa wale waliotaka kitu ambacho kiwanda hakikukiuza, yaani karoti, figili, kabichi, na ndio wanunuzi wa mashine zilizokuja, kutoka mitambo mizito ya miaka ya 1950 hadi zile alizozinadi Jay Kordich kwenye televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Blenda ilikuja kwa njia yake: mwanamuziki Fred Waring aliitangaza mwaka 1937, na watu wa baa waliipenda kwa kuchanganyia pombe. Leo ndiyo mashine ya juisi ya nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, ingawa kwa hakika haikamui kitu. Inasaga tu, na chujio ndilo linalokamua.

Sasa pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote: hata kama desturi ilianza kwa hila ya mauzo, je, si imewapa watu matunda na mboga ambazo wasingekula? Imewapa. Mtoto asiyegusa karoti huinywa ikichanganywa na chungwa, na mgonjwa au mzee asiyeweza kutafuna hupata kitu. Sitaki kuwanyang'anya. Ila ile hesabu ya glasi moja kwa machungwa matatu iliyomwokoa mkulima ina upande wake wa pili ndani ya mwili. Glasi ya robo lita ya juisi ya machungwa ina gramu 20 hadi 25 za sukari, na nyuzinyuzi ambazo zingeichelewesha zimebaki kwenye makapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, na linataka jumla yake isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Glasi mbili zimemaliza hesabu kabla chai haijatiwa sukari. Katika nchi ambazo kisukari kinaongezeka mijini, kuita juisi dawa ni kumdhulumu mnywaji. Juisi ya mboga ina sukari ndogo zaidi, lakini nayo haina ruhusa isiyo na mpaka: madaktari wameeleza visa vya figo kuharibika kwa watu waliokunywa kila siku juisi nyingi ya majani kama spinachi, ambayo yana oksaleti kwa wingi.

Hoja ya usafi haina mjadala mrefu. Mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyochemshwa iliwafanya watu zaidi ya 60 waugue magharibi mwa Marekani na Kanada, na mtoto mmoja akafariki. Serikali ya Marekani ikaweka masharti mapya kwa viwanda. Kwetu, kila kipindupindu kinapozuka, juisi za barabarani huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa marufuku, na kosa kwa kawaida ni la maji na barafu kuliko la muwa au embe. Hapa kukamua nyumbani kuna faida ya kweli: unajua maji yako umeyachemsha wewe.

Basi juisi ni ya nini? Ni ya kutumia wingi. Hiyo ndiyo kazi iliyoizaa na bado ndiyo kazi inayoifanya vizuri. Na wingi tunao. Muheza, mkoani Tanga, machungwa yakiiva kwa pamoja mkulima hulazimika kukubali bei yoyote ya mnunuzi aliyekuja na lori. Maembe ya msimu huoza chini ya miembe kutoka Tabora hadi Makueni. Nyumba inayoanza na kilichojaa sokoni wiki hiyo haihitaji orodha ya Walker wala mashine ya laki kadhaa. Machungwa yanataka kikamulio cha plastiki cha sokoni na mkono. Embe na papai hazitoi maji bali rojo, kwa hiyo hizo ni za blenda, na hakuna sababu ya kuchuja rojo laini ukatupa nyuzinyuzi. Karoti na bitiruti ndizo zenye ubishi: nusu kilo ya karoti hutoa kama glasi moja, na asiye na mashine anaweza kuzikwaruza, akazifunga katika kitambaa safi na kuziminya kama anavyominya nazi. Tangawizi kipande na ndimu nusu huongeza ladha bila sukari. Glasi iwe ndogo, inywewe palepale pamoja na chakula. Ikibidi kusubiri, iwe kwenye friji ndani ya chupa iliyojaa hadi juu, na isilale zaidi ya siku moja. Makapi ya karoti huingia kwenye mboga, kwenye kachori, au kwenye unga wa chapati, na huko ndiko ziliko nyuzinyuzi zote ambazo glasi imeziacha.